Ndoo ya Kunde na Jivu la Kitanda

Jivu la kuhifadhia kunde lilimpungukia mke wa fundi baiskeli, na hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda mrama. Kunde za mbegu zilikuwa nusu debe tu, urithi pekee wa mama mkwe wake aliyefariki mwezi uliopita. Zikibunguliwa na wadudu wa fukusi, hawana cha kupanda. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kitanda cha marehemu, mbao tupu, miguu imevunjika. Hakumwuliza mumewe. Jivu halina mwenyewe, alijiambia, akakitia moto.

Lilipopoa akalichekecha, akalichanganya na kunde pamoja na majani makavu ya mwarobaini, akajaza ndoo mpaka pomoni ili hewa isipate nafasi. Akafunga mfuniko na kuziba ukingo kwa nta.

Siku ya tatu, saa tisa mchana, alisikia kunde zinachakarika humo ndani, polepole, kama mtu anayezipitishia mkono. Kisha ikaja pumzi, ileile ya mama mkwe akijigeuza kitandani. Akaisukuma ndoo pembeni, maana angeanzia wapi kumwambia mtu kwamba ndoo yake inahema?

Kesho yake mume naye akasikia.

"Ni mama huyo! Umemchoma na kitanda chake, ukamfungia humo. Mtoe!"

"Baba watoto, tukifungua hewa itaingia. Mayai ya fukusi yametoka na kunde shambani, yakipata hewa yataanguliwa. Tuvumilie mpaka mvua."

"Kwa hiyo kunde ni bora kuliko mama yangu?"

Mke akaikagua nta ya ukingoni. Alimpenda yule bibi, na hata sasa alimwogopa.

Mke alipokwenda kuteka maji, mume hakungoja, akaifungua ndoo. Mke aliporudi alimkuta amekaa sakafuni, mikono imejaa jivu hadi viwikoni, analia kwa furaha. "Ameondoka, mama watoto. Nimemsikia akipita mlangoni." Kunde zilikuwa nzima, hata moja haina tundu. Mke akazirudisha na jivu lake, akaziba upya kwa nta. Nyumba ikatulia, mume akalala usingizi wa pono. Yeye utulivu ule haukumpendeza hata kidogo.

Mvua zilipokaribia wakafungua. Kila punje ilikuwa na tundu, nyepesi kama ganda, na fukusi wanatembea juu ya jivu bila wasiwasi.

"Mbona siku ile zilikuwa nzima?" mume akauliza.

Mke akachota punje, zikapukutika kiganjani.

"Mama hakuwa anataka kutoka. Alikuwa anazigeuza. Kunde zikigeuzwa kila siku, kifukusi kichanga hakipati pa kujiegemeza kitoboe. Alikuwa kazini, baba watoto, nawe ukamfukuza."

Fundi akainamia ndoo. "Mama," akaita kwa sauti ndogo. Kisha akaita kwa kupiga kelele, mara nyingi, mpaka sauti ikamkauka. Humo ndani fukusi waliendelea kula.