Paka Mwenye Sauti ya Hermelindo

Asubuhi moja, mahindi yakiwa bado yanachemka na chokaa ya kuyatoa maganda, Candelaria Caal alichukua shati la mwanawe, ubani na fimbo, akaenda kumwita. Hermelindo alikuwa hajarudi tangu alipokwenda msituni kumkataza Don Wenceslao, tajiri wa mashamba, asisogeze uzio wake. Kwa Waq'eqchi', Wamaya wa Guatemala, mtu akishtuka huiacha roho yake palepale, na mama huifuata. Lakini anayeitwa ni aliye hai. Majirani walimkumbusha hilo, akawajibu, "Nani kawaambia kafa?"

Alichoma ubani msituni chini ya mti wa mkangazi, akachapa ardhi. "Hermelindo, twende nyumbani. Usikae huku." Akaliburuta shati njia nzima bila kugeuka.

Aliyemfuata ni paka wa mitini, yule mdogo mwenye macho makubwa, anayeiga kilio cha vitoto vya kima ili awale mama zao. Alipanda darini, akashuka kwenye nguzo kichwa mbele, akakaa juu ya shati.

"Mama," alisema kwa sauti ya Hermelindo, "Don Wenceslao kanipiga risasi. Kanifukia pale ulipochoma ubani."

Candelaria alilia mpaka sauti ikamkauka. Kisha akampa chapati ya mahindi. Paka akaikataa, akapewa utumbo wa kuku, akala.

Kijiji kizima kilikuja kusikiliza. "Ndiye," alisema jirani yake Rogelia. "Hata kikohozi ni kilekile." Polisi naye akaja, akasema paka haapishwi, akaomba maji ya kunywa, akaenda zake.

Mwishowe Don Wenceslao alifika mwenyewe, kofia mkononi, paka akamtaja jina mbele ya watu.

"Sauti yake kabisa, maskini," alisema.

"Nipe mifupa yake tu, Don," Candelaria alimwambia. "Nimzike kando ya baba yake. Huo uzio baki nao."

"Ningependa, mama. Ila mkangazi ule sasa uko ndani ya uzio wangu. Nikimruhusu mmoja kuchimba, kesho mtanijia wote na majembe."

Jamani, uso mkavu ule! Na watu wakampisha njia apite.

Mvua zilipokwisha, mkangazi ulikuwa umekatwa pamoja na miti yote, na uzio umefika nyuma ya jiko la Candelaria. Paka alikosa mti, akahamia juu ya nguzo ya uzio, akawa anamtaja Don Wenceslao mchana kutwa. Waliokodiwa kufunga waya ni vijana wa hapohapo, waliokua pamoja na Hermelindo.

"Hermelindo, sogeza mkia, ndugu yangu," mmoja alimwambia, misumari mdomoni.

Paka akausogeza.