Kijiti cha Antena

"Uliivunja wewe, itengeneze wewe," kaka yangu alisema, akaibwaga simu mezani pangu hata bisibisi zikaruka.

Salamu hakuna. Miaka kumi na mitano hatujakanyagiana mlango, na leo ananijia kibandani mbele ya wateja, uso kaukunja kama aliyelambishwa shubiri. Simu niliijua kabla sijaigusa: yake ile ya zamani, nene, ya vitufe, na pale juu palipokuwa na kijiti cha antena cha kuvuta pamebaki kisiki tu.

Kijiti nilikivunja mimi, kwa hasira, siku tuliyogombania Mama akakae kwa nani. Wiki ile ile Mama akaanguka bafuni, peke yake. Alikutwa na simu mkononi. Namba ya mwisho aliyopiga ni ya kaka, aliyekaa mtaa wa pili. Mimi nilikuwa nimesharudi kwangu, safari ya siku nzima. Msibani kaka alisimama akawaambia watu, "Simu yangu haikushika mtandao. Muulizeni dada yangu kwa nini." Tangu hapo ndugu wakaniita Mvunja Antena, na mimi, Mungu wangu, nikaamini. Ufundi wenyewe nilijifunza baadaye, nadhani kwa ajili hiyo.

"Unataka nini humu?" nilimuuliza.

"Ujumbe wa Mama uliobaki humo. Mafundi wote hawana chaja yake. Fanya kazi, usinihoji."

Nilimchukia, lakini nikaokota bisibisi. Simu ninazotengeneza zote antena zimo ndani, hazionekani kwa nje. Ya kuvuta kama hii sikuwahi kuifungua. Nikalegeza skrubu nne, nikainua mfuniko. Chini ya kisiki nikaona waya wa shaba uliosokotwa, mdogo kuliko punje ya mchele, mzima kabisa.

Nikaugusa kwa ncha ya bisibisi.

"Njoo uone," nikasema. "Kijiti kilikuwa cha kuongeza nguvu tu, mtu akiwa porini. Kikisukumwa ndani, huu waya ndio unaoshika. Hapa mjini haukihitaji."

"Usinifundishe."

"Sikufundishi. Nakuonyesha."

Nikaichomeka kwenye chaja ya aina yake niliyoitunza miaka yote, nikatia laini yangu moja, nikawasha. Mistari ikapanda: mmoja, miwili, minne. Nikachukua simu yangu nyingine, nikapiga. Ile nene ikaanza kulia na kutambaa mezani, kwa mlio ule ule wa zamani, na kaka akarudi nyuma hatua moja.

"Zima."

"Inashika, kaka."

"Nimesema zima!"

Sikuzima. Mteja mmoja aliyekuwa akisubiri kioo cha simu yake akashika mkoba akaondoka bila kuaga. Kaka alikuwa akiitazama ile simu, midomo imemkauka.

"Siku ile ililia," akasema, taratibu. "Mara saba. Nilikuwa nimekaa nayo hapa, pajani. Nilidhani anataka kunibembeleza nikusamehe."

Miaka kumi na mitano nimekuwa nikiamka na kile kijiti mkononi. Nimewakwepa shangazi zangu barabarani. Nimekaa nje ya harusi ya mpwa wangu, ng'ambo ya barabara, nikisikiliza vigelegele. Nilitaka kumrukia. Nilitaka pia kulia, maana ugomvi uliomfanya asipokee ulikuwa wetu sote wawili.

Simu ikakatika yenyewe. Kaka akanyoosha mkono aichukue.

Nikapiga tena.

"Hiyo ya pili," nikamwambia. "Bado tano. Kaa chini."