Sauti ya Pili, Uwanjani Rwamishenye

Anatolia hakuwa amesema na binti yake tangu Benigna alipoolewa na Byabato, Mkatoliki wa Kimwani, akaliacha kanisa la Kilutheri alimolelewa. Harusini hakwenda. Mjukuu alipozaliwa, salamu zilimfikia mpaka nyumbani kwake Kishanda, hakuzijibu.

Ikafika Saba Saba ya mwaka wa sitini na moja. TANU ilikuwa inatimiza miaka saba, na Uhuru ulikwisha kunukia. Kwaya za Walutheri na Wakatoliki zikaalikwa kuimba pamoja Rwamishenye. Anatolia, mwimbaji wa sauti ya pili tangu usichana wake, alisafiri na wenzake bila kujua atakutana na nani.

Kiongozi wa kwaya, Mwalimu Rugemalira, aliwapanga kwa sauti. "Sauti ya pili huku. Changanyikeni. Leo hatuimbi kwa makanisa."

Anatolia akasogea, akajikuta bega kwa bega na Benigna, mtoto mgongoni.

"Shikamoo, mawe," Benigna alisema kwa sauti ndogo, akimwita mama kwa Kihaya.

"Marahaba." Akatazama mbele.

Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili, mtoto akaanza kulia. Benigna alimbembeleza, wapi. Akaanza kurudi nyuma ili atoke mstarini, Anatolia akamshika mkono.

"Unakwenda wapi?"

"Kumnyamazisha."

"Wewe imba. Nipe mimi."

Benigna akafungua mbeleko. Anatolia akampakata mtoto kifuani, akaendelea kuimba chini chini, kama alivyokuwa akimlaza Benigna mwenyewe zamani. Mtoto akanyamaza, akainua macho. Paji lile la uso lilikuwa la marehemu Rutashobya, mume wa Anatolia. Anatolia akaacha kuimba, akalipapasa kwa kidole. Benigna aliona, akapaza sauti kidogo, akaimba kwa ajili yao wote wawili mpaka mama yake alipoweza tena.

Makofi yalipotulia, Benigna akanyoosha mikono apokee mtoto. Anatolia hakumtoa.

"Anaitwa nani?" Jina alilijua tangu zile salamu, ila alitaka kulisikia kinywani mwa binti yake.

"Joviana."

"Na mumeo yuko wapi?"

Byabato alikuwa amesimama mbali, kofia mkononi, akiogopa kusogea.

"Mwite," Anatolia alisema. "Mtoto ana kiu, na mimi pia. Atutafutie maji."

Jioni wenzake walirudi Kishanda bila yeye. Alipanda basi la Kimwani, mjukuu amemlalia mapajani, na Benigna hakuacha kumsimulia habari njia nzima.