Banda Langu Lilivyohama na Paa Lake

Mimi ni fundi baiskeli. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nitaeleza kama ilivyokuwa, basi.

Mwaka tisini na saba mvua haikukata. Mtaani kwetu, nyuma ya stesheni ya Mpanda, maji yalikuwa yanachimba katikati ya barabara, na kila wiki korongo lilizidi kusogelea maduka. Wateja wa Kabungu na Mishamo, wanaoleta maharage kwa baiskeli, walishindwa kuvuka. Tukakutana wenye biashara kwenye mashine ya kusaga ya Masele, tukaamua kuchimba mfereji wenyewe, upeleke maji bondeni. Wa kwanza kukubali nilikuwa mimi. Kisha Masele akaonyesha njia ya mfereji. Ulipita kwenye banda langu.

"Hapana," nikasema.

"Baba Restituta, upande wa pili ni mwamba. Utahamia hapa kando ya mashine. Nitaondoa mapipa yangu."

"Nihamishe nini? Bati zile zina miaka kumi na sita. Ukichomoa misumari unabaki na chekeche."

Sikuwa nadanganya. Kutu ilikuwa imezila, na bati nyingine sikuwa na uwezo wa kupata. Fundi asiye na paa katika mvua ile hana kazi. Lakini mfereji usipochimbwa, mgahawa wa Dafrosa ungeondoka na maji kwanza, na mwenyewe alikuwa amekaa pale, ananitazama.

Aliyesema ni Médiatrice, anayekaanga maandazi kwenye baraza la mumewe, Salvatori fundi cherehani. Alikulia Mishamo, kwenye makazi ya wakimbizi wa Burundi.

"Kwetu nyumba ikihama, paa halifunguliwi. Linabebwa."

"La nyasi hilo, Mama Arcade," nikamwambia. "Hili ni bati."

"Umewahi kubeba nyasi zilizolowa wewe? Bati ni nyepesi."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, ila nikakubali wajaribu.

Jumamosi asubuhi wakaja. Banda halikuwa na kuta, ni nguzo sita na paa tu. Salvatori alilipima kwa futi yake ya kupimia suruali, na kule kwa Masele yakachimbwa mashimo sita kwa vipimo hivyo hivyo.

"Kiuno kikubwa hiki," akasema. "Kinamzidi Dafrosa."

"Njoo unywe chai kwangu kesho," Dafrosa akamjibu. "Utaona."

Nguzo zikachimbuliwa, miti mirefu ikafungwa kwa kamba usawa wa mabega. Watu wa mtaa wakashika upande mmoja. Upande wa pili wakashika ndugu za Médiatrice, waliokuwa wamekuja na maharage, kaka yake Siméon akiwa mbele.

"Moja, mbili, tatu," Masele akahesabu. Upande wake ukainuka. Wa Siméon haukuinuka. Paa likalala ubavu, bati moja ikalia.

"Shusheni," nikasema. "Mnaniua."

"Mbona hamkuinua nyie?" Masele akauliza.

"Ulikuwa unahesabu," Siméon akasema. "Tukadhani unahesabu watu. Sisi tunasubiri wimbo."

"Wimbo gani?"

"Wa kanisani," Médiatrice akasema. "Wote mnaujua, isipokuwa Masele."

"Nitafuata miguu," Masele akasema.

Médiatrice akaanza kuimba. Pande zote mbili zikaitikia, na paa langu likapanda taratibu, limenyooka kama maji kwenye beseni. Nimekaa chini ya paa lile miaka kumi na sita, sikuwahi kuliona likiwa juu ya watu. Lilikuwa linatembea. Spana nilizosahau kwenye waya zilikuwa zinagongana kwa mwendo wa wimbo. Mimi nilifuata nyuma nimetanua mikono, kama mtu anayefuata mtoto anayejifunza kutembea.

Nguzo tano zikaingia. Ya sita ikakwama ukingoni.

"Nimekosea vidole viwili," Salvatori akasema.

Hakuna aliyeshusha wala kulalamika. Dafrosa akapiga magoti kwenye tope, akachimba kwa panga, nao wameshikilia. Niliona shingo ya Masele ikitetemeka. Wimbo ukashuka chini kabisa, lakini haukukatika. Ndipo nguzo ikaingia.

Nikachukua sururu, nikaenda kupiga pigo la kwanza la mfereji pale pale nilipokuwa nikikaa.

Mfereji tuliumaliza siku ya nne. Kesho yake mvua ikanyesha tangu asubuhi. Nilisimama chini ya bati zangu, nikatazama maji mekundu yakipita mahali palipokuwa na benchi langu, mengi, yana haraka, yanateremka bondeni bila kugusa mlango wa mtu. Kisha nikatazama juu. Paa lilikuwa linavuja sehemu tatu, zile zile za zamani. Nikaweka makopo yangu matatu. La nne, nililoandaa kwa tundu jipya, nililitafutia pa kuliweka, nikapakosa.