Mlango wa Kona

Baba yangu, Muthama, aliijenga baa ya kona pale mjini Sultan Hamud kabla mimi sijazaliwa, na hadi uzeeni hakuwahi kuupita mlango wake. Mzungu mwenye baa alitaka iwe kama za kwao: kona ikatwe mshazari, mlango mpana utazame barabara zote mbili, na juu yake tao la mawe ya kuchonga. Baba aliyachonga yote kwa mkono wake. Kazi ilipokwisha akaonyeshwa kidirisha cha uani, ambako Mwafrika aliuziwa bia yake. Uhuru ulipokuja na mlango ukawa wa kila mtu, Baba alikuwa ameshaokoka na kuapa hatakanyaga baa tena.

Mwaka 1979 kanisa letu likainunua ile nyumba. Nilifurahi, nikijua sasa mzee wangu ataingia. Kumbe! Jonah, mkubwa wa wazee wa kanisa, aliamua mlango wa kona uzibwe kabla ya ibada ya kwanza, kwa kuwa walevi waliutumia. Waumini wangepitia uani, kana kwamba mlevi hakuwahi kupita uani! Na kazi ya kuuziba, bila haya, akampa Baba.

"Wacha nipite mara moja tu, Jonah," Baba akamwomba.

"Mzee Muthama, hiyo ni mlango ya dhambi. Tumemaliza."

Mimi ndiye niliyekuwa nikimchanganyia Baba udongo na saruji tangu mama afariki. Nikaanza kufungua mfuko.

"Kalunde, wacha simiti," akasema. "Leta matope. Simiti tutapaka juu tu, ionekane."

"Na itashika kweli?"

"Nani amesema nataka ishike?"

Matofali hakuyachomeka kwenye ukuta wa zamani, kama fundi anavyofanya ili ukuta mpya ushikane na wa kale. Aliyapanga tu, akiwa amesimama nje barabarani, kisha akapiga lipu. Jonah alikuja, akagonga kwa kidole, akaridhika.

Miezi saba baadaye Baba alifariki. Jeneza lake ndilo la kwanza kuletwa katika kanisa lile. Kichochoro cha uani kina kona kali, likakwama. Wakaliinua, wakaligeuza, wapi! Jonah, jasho likimtoka, akasema, "Tumpitishe hapo kwa kidirisha."

Kidirisha kile kile! Nikamshika mkono ndugu yangu Muli, tukazunguka hadi kwenye mlango uliozibwa.

"Sukuma," nikamwambia.

"Kalunde, hiyo ni ukuta."

"Sukuma tu, Muli. Baba alijua."

Akaweka bega. Matofali yakaangukia ndani yote kwa pamoja. Katika tao halikutikisika hata jiwe moja. Jonah alikuja mbio, akatazama, akavua kofia.

Tukaondoa matofali njiani, tukangoja vumbi litulie. Kisha wanaume sita wakamwingiza Baba, na jeneza halikugusa upande wowote.