Hodi Kutoka Mji wa Wamaya

Mama mkwe wangu, Bi Rahila, hatengui kiapo. Aliwahi kuapa hatanunua tena kwa muuza samaki mmoja, tukala kuku mpaka yule mtu akafunga duka. Kwa hiyo alipoapa kwenye simu, "Wallahi, Ghadeer, sisemi na wewe tena," hakuna aliyedhani ni hasira za siku moja.

Ghadeer ni wifi yangu. Alikwenda Meksiko kusomea majengo ya kale, akamaliza, kisha akatangaza kuwa amepata kazi kwenye magofu ya Wamaya na harudi. Mama alikuwa keshawakubalia watu posa. Aibu ile hakuimeza wala hakuitema. Mwaka wa pili ukaingia. Ghadeer akipiga simu, Mama humpa aliye karibu, kisha hukaa pale pale asikose hata neno. Mimi nilijiambia ugomvi haunihusu.

Baridi ilipoingia, Ghadeer alituma sauti ndefu kwenye kundi la familia. Wageni wanaofika kwenye yale magofu hupewa sauti ya kuwaongoza: unatembea peke yako, nayo inakwambia pinda hapa, simama pale, tazama juu. Ipo kwa lugha nyingi, na yeye kaongeza Kiswahili, kwa sauti yake mwenyewe.

"Waswahili gani hao wanaofika huko?" mume wangu Aflah aliuliza.

Jioni Mama huzunguka nyumba kwa ajili ya magoti yake. Siku ile alitia simu mfukoni, sauti juu, akaanza safari.

"Kusikiliza si kusema," aliniambia kabla sijafungua mdomo.

Nilikuwa naanua nguo uani. Alifuata kila agizo. Aliambiwa apinde kulia, akapinda, akakutana na gari langu, akalizunguka. Aliambiwa apande ngazi taratibu kwa kuwa mawe yanateleza, akashika gauni na kuinua miguu juu ya sakafu tambarare. Chini ya tangi la maji aliambiwa atazame kilele cha hekalu. Akalitazama tangi kwa heshima zote. Uwanja wa mpira wa Wamaya uliangukia kwenye kamba yangu ya nguo, nikasogea kumpisha. Nilicheka kimoyomoyo, sikatai, lakini iliniuma pia. Mtu anazunguka ua na sauti ya mwanawe mfukoni kwa sababu amejizuia kumuuliza u hali gani.

"Wengi wanadhani Wamaya walipotea," Ghadeer alisema mfukoni. "Hawakupotea. Wapo, vijiji vyao viko hapa jirani. Mji huu tu ndio waliouhama."

Mama akaguna.

"Kituo cha mwisho si hekalu. Ni nyumba ya mtu wa kawaida. Umebaki msingi tu, na pale pembeni palikuwa jikoni. Mlango haupo tena, lakini kwetu mtu haingii nyumba ya watu kimya kimya. Kwa hiyo simama hapa. Hodi!"

Kikafuata kimya, kirefu kuliko cha vituo vyote.

"Karibu, mwanangu," Mama akajibu.

Akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Hakukusudia. Hodi ikipigwa, mtu wa Unguja, hata aliyezeekea huku kwa Waarabu kama Mama, hujibu bila kufikiri. Hata aliye kwenye sala hukohoa.

Aflah aliporudi kutoka kazini kwake Rusayl alikuta kesi imeshakaa.

"Mama, ile ni rekodi. Hujasema naye. Kiapo chako kizima."

"Nimemwambia karibu, sikumwambia?"

"Umeiambia simu."

"Kiapo changu au chako? Nshasema naye. Kimevunjika, khalas. Kesho nnalipa kafara."

Aflah akatoa simu ampigie shekhe. Nikamkanyaga mguu. Digrii mbili, na haoni kuwa mama yake anafurahi.

Kafara ya kiapo ni kulisha masikini kumi. Kesho yake tulipika pilau, na jioni Aflah akatuendesha kuipeleka Wadi Kabir, kwa wafanyakazi wa magereji. Mama aligawa kwa mkono wake. Fundi mmoja Mkenya, Rufus, akauliza kuna sherehe gani.

"Nimevunja kiapo," Mama alimjibu, kama mtu anayetangaza mjukuu.

"Pole sana, mathe."

"Pole ya nini? Kula."

Hatujatoka hata mtaa ule akaniomba nimpigie Ghadeer. Huko ilikuwa asubuhi. Nilipiga, nikaweka sauti juu, nikampa simu.

"Halo, wifi? Mama hajambo?" Ghadeer aliuliza.

Mama aliitazama simu. Nikaogopa. Kiapo kilikuwa kimeshalipiwa, lakini kiburi hakina kafara, na huyu namjua.

"Nshakwambia karibu tangu jana," alisema. "Mbona huingii?"

"Ulijibu?" Ghadeer aliuliza, kwa sauti ndogo. "Mama, ulijibu?"

"Nilijibu."

Ghadeer akaanza kulia. Aflah aliegesha gari kando ya barabara, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.