Mstari wa Umri

…na kama kura ya kuamua nani apewe dawa na nani asipewe ilipigwa kwa haki basi unauliza nini tena, tofauti yoyote utakayoiona ni ya bahati, hilo Mama Takwimu alilijua kabla hajaolewa, alilifundisha hata, chaki mkononi, na sasa daktari kijana ameweka kidole kwenye jedwali la utafiti ukutani, mstari wa umri, anasema, "Mama, hapa pana shida, waliopewa dawa ni wazee kuliko wenzao, kipimo kinasema hii si bahati, labda bahasha za kura zilichunguliwa kabla ya zamu yake," na nesi aliyezifungua hizo bahasha na kuwagawa wagonjwa amekaa mwisho wa meza, kalamu imesimama, hainui macho… mistari mingapi hiyo, ishirini, ewe mtoto wa watu, ukipima mambo ishirini moja litajitokeza tu lenyewe, halihitaji mwizi, na kama umri una uzito kwenye ugonjwa huu ungeuweka kwenye hesabu tangu mwanzo, kipimo kiseme kisiseme, ukamwacha nesi wa watu na kazi yake… "Tunakusubiri, Mama," mwenyekiti huyo, na Mama anatafuta miwani ambayo ameshaivaa, maana ule utafiti mwingine, wa shinikizo la damu, miaka kumi na moja sasa, ulikuwa na jedwali kama hili, mstari mmoja kati ya ishirini, na mfungua bahasha alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, na ni yeye mwenyewe aliyemtafutia nafasi ile, kisha kwa mkono uleule akaandika, inashukiwa mgawanyo wa wagonjwa uliingiliwa, akatia sahihi, kazi ikamtoka mwenzake wiki hiyohiyo… wifi akaja hadi jikoni, sare bado mwilini, "Wifi, nilizifungua kwa zamu, moja baada ya nyingine, kama nilivyofundishwa, nimekosea wapi?" na yeye, mdomo huu, "Namba hazisemi uongo, wifi," namba maskini ya Mungu zilikuwa hazijasema kitu… siku hizi wifi anashona sare za shule, mtoto akija kupimwa urefu anamgusa kwanza paji la uso kwa mgongo wa mkono, mazoea hayo, na mkikutana kwenye shughuli za ukoo bado anakuita wifi yangu, anakuwekea kiti, heri angekutukana, mume naye hajauliza hata siku moja, undugu ni kufaana si kufanana, sasa wewe ulimfaa nini… "Au tumwite nesi ajieleze?" daktari kijana tena, ana haraka, hata Mama siku ile alikuwa na haraka, ndivyo alivyojitetea miaka yote, nilikuwa mdogo, kila mtu alikuwa akivipanga vile vipimo pembeni mwa jedwali, wakubwa walivitaka… uongo, uongo mtupu, alihesabu mistari siku ile, ishirini, akaandika pembeni kwa penseli, bahati, akaifuta kwa raba, mbona unajifanya umesahau ile raba, uliifuta kwa sababu kwenye korido walikuwa wakinong'ona, wale wanabebana, nawe ukataka uonekane mwenye haki kuliko wote, angekuwa nesi mwingine ungemtetea mpaka sauti ikauke, ulimtoa kafara kwa kuwa ni wako… "Mama?" na nesi sasa ameinua macho, anamtazama yeye, si daktari, na majibu ya chumba hiki ni mepesi, dakika mbili, ataeleza watamwelewa na huyu binti atarudi wodini, lakini leo jioni itabidi aende kwenye ile nyumba yenye cherehani, na asiseme nilikosea, wifi, neno hilo lina nafuu, kila mtu hukosea, aseme lile lingine, hata kama baada yake hatawekewa kiti tena, wote wanamsubiri, naye analijaribu kimoyomoyo, nilijua, wifi, nilijua siku ileile.